Mafuta Yetu Yanavujia Venezuela

Kwenye kona ya barabara inayopanda kuelekea mashamba ya mitiki, pale pikipiki zenye madumu ya mafuta zinapolazimika kupunguza mwendo, kuna banda la Yu Kasmi, yaani Dada Kasmi, na mbele ya banda kuna ubao mrefu uliopigiliwa juu ya visiki viwili. Ndicho kijiwe chetu hapa kijijini Ngrancang, kisiwani Java. Yu Kasmi huchemsha kahawa na sukari humo humo kwenye sufuria moja, haichuji, nawe unaimimina kwenye kisahani ipoe, kisha mashapo unayapaka kwenye sigara yako ili iungue polepole. Kiangazi kile majani ya mitiki yalikuwa yamepukutika yote, kwa hiyo ukikaa kwenye ubao uliiona minara ya magogo juu ya kilima, kila mmoja na injini yake kuukuu ya lori, ikikohoa na kuvuta waya kutoka kwenye visima walivyoviacha Waholanzi. Mnara wa mwisho kushoto ulikuwa wetu. Ndio pekee uliokuwa kimya.

Nasema wetu kwa sababu hata mimi, fundi pikipiki wa ng'ambo ya barabara, nilikuwa na hisa mle. Kijiwe kizima kilikuwa nazo. Alikuwamo Mbah Mholanzi, mzee wetu, ambaye baba yake alikuwa akiwafulia nguo wazungu wa visima, na tangu hapo ukoo mzima unajiona wataalamu wa petroli. Alikuwamo Kang Spika, yaani Kaka Spika, dalali wa ng'ombe, mtu ambaye hata akikunong'oneza siri, ng'ombe wa kijiji cha pili wanainua vichwa. Alikuwamo Pak Atlasi, mwalimu mstaafu wa jiografia. Na alikuwamo Tarmuji, ambaye sisi tulimwita Kang Karibu. Hakuitwa hivyo kwa ukarimu. Kila ukimuuliza kisima kimefikia wapi, jibu lake lilikuwa moja: karibu.

Hisa kubwa ilikuwa yake, au tuseme ya mkewe, Sulasih. Sulasih alikuwa Taiwan akimtunza bibi kizee wa watu, anamwogesha, anamlisha, anampeleka kliniki, na kila mwezi anatuma pesa nyumbani. Tarmuji hakumficha kitu. Siku Pak Bandi, mchimbaji kutoka wilaya ya jirani, alipokuja kijiweni kutuambia kwamba kile kisima kilichozibwa tangu enzi za Waholanzi kinaweza kufunguliwa upya, Tarmuji alimpigia mkewe simu palepale, sote tunasikia. Sulasih aliuliza maswali mawili matatu, kisha akasema sawa, weka pesa. Kikitoa mafuta, alisema, mimi narudi nyumbani na siendi tena kwa watu.

Mwanzo ulikuwa mtamu, nao ndio uliotuharibu. Pak Bandi alizibua kisima, ndoo ndefu ya chuma ikashushwa, ikapanda na povu jeusi linalonuka kama peponi. Kang Spika alijipaka usoni. Tulichinja mbuzi, tukamwita imamu, tukala wali wa dua pale pale kwenye matope. Wiki iliyofuata ndoo ilipanda na maji moto ya chumvi. Iliyofuata, tope. Pak Bandi akasema hiyo ndiyo dalili nzuri kabisa, mafuta yako chini yake, tuchimbe kidogo tu. Tukachanga. Tukachanga tena. Halafu jino la kuchimbia likawa butu, akalibeba kwenda kulinoa mjini, na hapo ndipo injini ilipozimwa.

Asubuhi ninayoisimulia, Pak Bandi alikuwa bado hajarudi, na sisi tulikuwa kwenye ubao tukimtafutia sababu. Mbah Mholanzi ndiye aliyeanza. Kwa maelezo yake, Waholanzi walipoondoka hawakuziba kisima kwa saruji tu, waliyafundisha mafuta adabu. Yamezoea kuamka kwa king'ora cha saa kumi na mbili, na hakuna anayepiga king'ora siku hizi.

— Mafuta yana masikio, Mbah? aliuliza Kang Spika.

— Hayana. Lakini yana mazoea.

Kang Spika alikuwa na yake. Ng'ambo ya mto kuna kampuni kubwa, alisema, na kampuni kubwa haitumii bomba lililonyooka kama letu. Bomba lao lina kiwiko. Linashuka kwao, linajikunja, linakuja kunywa kwetu. Usiku ukilaza sikio chini unasikia mtu anafyonza.

— Ulishawahi kulaza sikio? nilimuuliza.

— Mimi dalali, nalaza sikio chini kwa nini? Nimeambiwa.

— Na nani?

— Na aliyelaza.

Pak Atlasi alikuwa amesubiri zamu yake kwa subira ya mwalimu anayejua darasa zima limekosa. Alichukua chungwa kwenye meza ya Yu Kasmi, akachoma kijiti upande mmoja kikatokea upande wa pili, akatuonyesha. Sisi tuko hapa, alisema. Ukichimba kutoka hapa Java moja kwa moja bila kupinda, unatokea wapi? Hakuna aliyejua. Unatokea Venezuela, akasema, au jirani yake kidogo. Na Venezuela ina nini?

— Ina warembo, alisema Kang Spika.

— Ina mafuta, Spika. Mafuta tele. Wameyatoa wapi? Kila tukizidisha kuchimba, tunayafungulia njia. Mafuta yetu yanavujia Venezuela.

Tulilitazama lile chungwa lililokuwa likidondosha maji upande wa chini. Sikatai, kwa dakika nzima niliamini. Mbah Mholanzi aliuliza kama Venezuela nako walipita Waholanzi. Yu Kasmi aliuliza nani analipia chungwa.

Tarmuji hakucheka. Alikuwa amekonda miezi ile, na alikuwa na tabia ya kutazama kilima kila baada ya sentensi. Alisema nadharia zote ni nzuri lakini kisima kiko karibu, yeye anahisi, Pak Bandi mwenyewe alimwambia kimebaki kiasi kidogo sana. Mchango mmoja tu wa mwisho.

— Ndiyo maana wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, alisema Kang Spika akimpigapiga bega. Tusikate tamaa.

Pak Atlasi alisema hiyo methali ina maana nyingine. Kang Spika akamwambia wahenga ni wa kila mtu. Akaongeza nyingine: mchimba kisima huingia mwenyewe, yaani faida itaingia kwa mwenyewe. Pak Atlasi alifumba macho, akanywa kahawa yake.

Hapo ndipo bodaboda iliposimama, na aliyeshuka alikuwa Sulasih.

Tulijua anarudi mwezi ule lakini tulidhani ni mwishoni. Alikuwa amevaa jaketi jepesi la buluu na viatu vyeupe ambavyo vumbi lilikuwa limeshavishika, na sanduku lake lilikuwa na magurudumu ambayo barabara yetu haina kazi nayo. Tarmuji alisimama, akakaa, akasimama tena. Sulasih alimpokea mkono, akaugusisha kwenye paji la uso wake kama mke anavyomsalimia mume, kisha akamsalimia Mbah Mholanzi vivyo hivyo, halafu sisi wengine mmoja mmoja. Yu Kasmi alilia kidogo, akamkalisha, akampa kahawa.

Tarmuji alimuuliza mbona hakusema, angekuja kumpokea kituoni. Sulasih alisema yule bibi kizee amefariki. Alimfunga macho yeye mwenyewe, kwa sababu watoto wa yule bibi walikuwa njiani. Mkataba ukaishia hapo, na akakatiwa tiketi ya ndege ya karibu zaidi. Tulimpa pole. Alizipokea kama mtu aliyefiwa kweli.

Kisha, kwa kuwa sisi hatuwezi kukaa kimya, tulianza kumweleza kisima. Tulimweleza wote kwa pamoja. Akapewa king'ora, akapewa kiwiko, akapewa chungwa. Alisikiliza kila mmoja hadi mwisho, anaitikia kwa kichwa, kama nadhani alivyokuwa akimsikiliza yule bibi. Alipomaliza kisahani cha kwanza alimgeukia mumewe, akimwita Mas kama wake wa kwetu wanavyowaita waume zao.

— Mas, sasa hivi kina kina gani?

— Karibu, alisema Tarmuji.

— Sikuulizi kimebaki kiasi gani. Nauliza kimeshuka kiasi gani.

Ni swali dogo. Nilishangaa kwamba sikuwahi kuliuliza. Tarmuji alitaja urefu aliokuwa ameambiwa na Pak Bandi. Mbah Mholanzi alimtazama, akasema hapana, yeye aliambiwa karibu mara mbili ya hapo. Pak Atlasi alikuwa na tarakimu yake, yenye nukta na desimali, naye pia aliipata kwa Pak Bandi. Mimi niliambiwa ni kama minazi kumi, nikaridhika. Kang Spika alikiri, kwa sauti ya chini ambayo kwake ni sauti ya kawaida ya binadamu, kwamba yeye alidhani Tarmuji ndiye anayepima. Tarmuji alikuwa akidhani ni mimi, kwa kuwa nina futi ya kupimia dukani.

— Futi yangu ni ya pikipiki, nilisema.

Sulasih hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama kuna kamba.

Tulipanda kilimani sote, hata Mbah Mholanzi, mimi nikiwa na furushi la kamba ya nailoni ninayofungia mizigo. Sulasih alitangulia na viatu vyake vyeupe. Kisimani palikuwa na harufu ya dizeli ya zamani na majani makavu. Buibui alikuwa ametanda kwenye injini. Tulifunga jiwe, Tarmuji akaanza kulishusha mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Tulihesabu kimoyomoyo, kila mtu na tarakimu yake. Kamba ikashuka, ikashuka, kisha ikalegea.

Ilikuwa mapema mno. Tarmuji alisema jiwe limenasa. Akalivuta, akalitikisa, akalishusha tena. Kamba ikalegea palepale. Alifanya hivyo mara nyingi, akibadilisha upande, akipiga magoti, na mwisho Sulasih aliichukua kamba kutoka mkononi mwake na kulipandisha jiwe taratibu. Lilikuja na udongo mwekundu, mkavu. Halikuwa na mafuta wala tope wala maji. Kamba yote iliyokuwa imeingia, ukiilaza barabarani, haifiki kutoka banda la Yu Kasmi hadi msikitini.

Kwa hiyo kisima kilikuwa kimeporomoka, alisema Pak Atlasi, udongo umeziba. Au hakijawahi kuchimbwa zaidi ya hapo, nilisema mimi, kisha nikatamani nisingesema. Mbah Mholanzi alisema inawezekana ardhi imeinuka. Lakini yale maji moto yalitoka wapi, aliuliza Kang Spika, na lile povu? Povu nililipaka usoni, alisema, uso huu. Hilo halikuwa la kubuni. Sote tulilinusa. Kila jibu tulilolishika lilitoroka na kipande cha ukweli kilichobaki.

Tarmuji alimpigia Pak Bandi simu, akaweka sauti ya kusikika na wote. Tulitarajia isipokelewe. Ilipokelewa mara moja, na Pak Bandi alikuwa mchangamfu, akawasalimia watu wote.

— Pak, tuko kisimani, alisema Tarmuji. Tumepima.

— Vizuri sana, Kang. Kisima kipi?

Tarmuji aliitazama simu. Akasema, cha Ngrancang. Pak Bandi akasema, ah, hicho, hicho kilishaporomoka, ni kawaida kabisa, hata cha jirani yenu kiliporomoka na leo kinatoa, mabomba ya kuzuia udongo tu ndiyo yanayotakiwa, yeye anakuja Jumatatu. Tulimuuliza kiliporomoka lini. Akasema kabla. Tulimuuliza kabla ya nini, kabla ya mchango wa mwisho au baada? Akasema mtandao unasumbua, na kweli ulikuwa unasumbua, kilimani pale unasumbua siku zote. Simu ikakatika. Mpaka leo sijui kama aliikata au ilikatika.

Tuliteremka tukiwa wajinga kuliko tulivyopanda. Kijiweni Yu Kasmi alikuwa ameweka sufuria nyingine, na kahawa ilivyoingia, ndivyo na ndimi zilivyoamka. Mtu mwongo angepokea simu? aliuliza Kang Spika. Hapana, mwongo hapokei. Kwa hiyo ni mkweli. Pak Atlasi alisema mwongo mwerevu hupokea, ili ufikiri hivyo. Kwa hiyo akipokea ni mwongo, asipopokea ni mwongo, nilisema, lini atakuwa mkweli? Mbah Mholanzi akasema Jumatatu.

Kang Spika akaanza kukokotoa mabomba. Alisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na sisi maji tumeyapata, moto kabisa, tena ya chumvi, dawa ya mgongo. Tukiweka mabomba, kama si mafuta basi tutafungua mabafu. Watu watakuja kutoka jiji la Surabaya. Pak Atlasi alisema hilo si wazo baya. Mimi pia, Mungu anisamehe, nilianza kuyaona mabafu, na vigae vyake. Kidogo kidogo macho yetu yote yaligeuka upande mmoja wa ubao, kwa sababu mchango mkubwa siku zote ulitoka upande huo.

Sulasih alikuwa akikung'uta udongo mwekundu kwenye viatu vyake kwa ukuti. Alimaliza kimoja, akaanza cha pili, huku akizungumza bila kuinua uso. Alisema wakala wa Taiwan amempigia akiwa bado uwanja wa ndege. Kuna babu mwingine, kapooza upande mmoja, familia nzuri, mkataba wa miaka mitatu. Wanataka jibu kufikia Ijumaa.

Halafu akainua uso, akatutazama wote, akaanza na Mbah Mholanzi, kwa heshima kabisa, kama mtu anayeomba ushauri kwa watu wanaojua mambo.

— Mbah, Pak, na nyinyi Kang. Nimewasikiliza tangu asubuhi. Sasa mnishauri. Nirudi, au nisirudi?

Pikipiki mbili za madumu zilipita. Mbah Mholanzi alivuta sigara iliyokuwa imezimika. Pak Atlasi aliligeuza lile chungwa mkononi, akalirudisha mezani. Nilimtazama Kang Spika, maana yeye hajawahi kukosa, nikaona mdomo umefunguka kabisa na hakuna kinachotoka. Ni ajabu. Sisi watu tulioweza kueleza kinachotokea ndani ya tumbo la dunia, tuliulizwa habari ya mwanamke mmoja na nyumba moja iliyoko kona ya pili, na hatukuwa na hata nadharia mbaya.

Tarmuji alikuwa akikitazama kilima. Alikiacha, akamgeukia mkewe.

— Sijui, Lasih, alisema. Nilikuwa nakuambia karibu, karibu. Nilikuwa sijui. Sijui kama kuna mafuta, sijui kama yule mtu ametuibia, na sijui nikwambie urudi au ukae. Nikikwambia ukae, sina cha kukukalisha. Nikikwambia urudi...

Hakumaliza. Sulasih alivaa kiatu chake cha pili.

— Hata mimi sijui, Mas, alisema. Basi twende nyumbani, tukakae tusijue wote wawili.

Tarmuji alilibeba lile sanduku kichwani, magurudumu yakizunguka hewani. Waliondoka bila haraka, wakisimama kwa kila jirani aliyetoka kusalimia. Tulipogonga visahani Yu Kasmi alituonyesha sufuria. Mlikuwa mmebaki mashapo tu.

Pak Bandi alikuja Jumatatu kweli, bila mabomba, akiwa na jino lililonolewa likang'aa, na hilo lilituchanganya zaidi kuliko kama asingekuja. Ijumaa, wakala alipopiga, Sulasih alimwambia ampe nafasi mtu mwingine. Sasa Tarmuji anavuta waya kwa kutwa kwenye kisima cha watu, mnara wa tatu kutoka kulia, anarudi jioni mweusi hadi masikioni, na Sulasih anafuga bata. Kwa nini alibaki, kijiweni tuna maelezo manne, na ya Pak Atlasi yanahusu mwezi. Nyumba yao ni pale, unaiona ukikaa upande huu wa ubao, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka kwenda kumuuliza.